Sanduku la Barua Mtoni Mkondoa

Aprili 1872, karibu na Kilosa, mchukuzi aliyejitwika sanduku alitumbukia shimoni mwa mto Mkondoa uliofurika, nusura azame. Stanley, toka ng'amboni, alimwelekezea bastola: akiliangusha, atapigwa risasi. Humo mlikuwa na shajara ya Daktari Livingstone, barua kwa bintiye Agnes, na habari za mauaji ya Nyangwe zilizoichochea Uingereza kumbana Sultani Barghash hata soko la watumwa la Unguja likafungwa Juni 1873.

Barua hizo zimechambuliwa neno kwa neno. Mchukuzi, aliyezivusha kabla ya mbuga ya Mkata, iliyo leo kwa sehemu Hifadhi ya Mikumi, ameachiwa jina moja tu, tena kwa tahajia ya mgeni: Rojab, yaani, bila shaka, Rajabu.