Ni Nani Aliyehudumiwa?

Mwaka 1986 padre Henri Nouwen, aliyekuwa amefundisha vyuo vikuu vya Yale na Harvard, alihamia nyumba ya watu wenye ulemavu wa akili karibu na Toronto, Kanada. Akapewa kazi ya kumtunza kijana mmoja, Adam, asiyeweza kusema wala kutembea pasipo kushikwa. Kila asubuhi alimwogesha, akamnyoa ndevu, akamvika na kumpa chakula. Kazi hiyo ilichukua muda wa saa mbili hivi. Mwanzoni aliogopa. Tena alipomharakisha, Adam alishikwa na kifafa. Ndipo padre akajifunza kufuata mwendo wa Adam. Baadaye aliandika kwamba Adam alikuwa mwalimu wake.

Na sisi je? Tunaye ndugu tunayemficha chumba cha nyuma wageni wanapobisha hodi. Tunamlisha upesi upesi, tukidhani tunapoteza wakati. Lakini Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili hauwezi kukiacha kiungo kinachoonekana dhaifu.

Jumapili hii tumshike mkono, twende naye ibadani, hata tukichelewa. Bwana atusaidie.