MTOTO KIZIWI NA HAKI YA KUZUNGUMZA NA WAZAZI WAKE



Tunapotaja haki, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ardhi, mishahara na mahakama. Leo tunapenda kuitazama haki iliyo ndogo machoni pa wengi: haki ya mtoto kiziwi aliye shule ya bweni kuzungumza na wazazi wake.

Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Ile ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Nyingine zimeongezeka, lakini bado ni chache, na watoto wengi hulazimika kuishi mbali na kwao. Mtoto anayesikia akikumbuka nyumbani, hupigiwa simu akaisikia sauti ya mama. Kiziwi husimama kando akitazama midomo ya mwalimu anayezungumza kwa niaba yake.

Katika ziara zetu vijijini Handeni tulikutana na kijana aliyerudi likizo akakuta kaburi la babu yake. Miezi miwili ilikuwa imepita. Hakuna aliyemtakia ubaya; kila mmoja alidhani mwenzake angetafuta njia ya kumwarifu.

Leo simu yenye picha yaweza kuliziba pengo hilo. Isimamishwe mezani ili mikono yote miwili iwe huru; mwanga uangukie uso; mtandao uwe na nguvu, kwani picha ikigandaganda sentensi hukatika.

Hata hivyo, tusijidanganye. Simu haifundishi lugha. Viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mtoto hujifunza Lugha ya Alama shuleni, ilhali mama yake huko Korogwe anajua Kisambaa, Kiswahili na ishara chache za nyumbani: kula, lala, njoo. Wataonana, watapungiana mikono, na punde mazungumzo yatakwisha. Hivyo ndivyo mtoto anavyogeuka mgeni nyumbani kwao.

Tena lipo jambo zito zaidi. Mtoto anayepigwa au kudhalilishwa bwenini atamwambia nani, ikiwa mkalimani wake ndiye anayemwogopa? Alama husomwa na kila mwenye macho aliyepo chumbani. Kwa hiyo mtoto apewe faragha, na mzazi awe na uwezo wa kumwelewa bila mtu wa kati.

Wala hatuombi hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, unazitambua lugha za alama. Bunge letu nalo lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010.

Basi tunapendekeza haya. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwatambue watoto viziwi walio kwake. Parokia ialike viziwi watu wazima wawafundishe wazazi, kaka na dada Lugha ya Alama, nao walipwe kama walimu wengine. Familia isiyo na simu ifaayo itumie ya parokia, kwa siku na saa iliyopatanwa na shule.

Bwana wetu alipomponya kiziwi, kwanza alimtenga na umati, akamgusa masikio. Nasi tuanze hapo: kumpa mtoto huyu nafasi na muda wake.

Maswali ya kujadiliana:
1. Je, katika jumuiya yetu yupo mtoto kiziwi? Nani kati yetu anaweza kuzungumza naye?
2. Mara ya mwisho alipata lini habari za nyumbani, na kwa njia gani?