Gari Lisipowaka

Wasikilizaji wetu, magari ya Datsun 240Z, yaliyoshinda mbio za Safari mwaka 1971 na 1973, yangaliko, nayo hayana kompyuta ya kutuambia maradhi yao. Moja likikataa kuwaka katika vumbi la Kasoli, tusikimbilie kununua vyombo vipya. Tuzungushe injini kidogo, kisha tufungue plagi, tuitazame. Ikiwa imelowa petroli, yaelekea cheche ndiyo iliyokosekana: tutazame pointi, zifunguke kadiri ya nusu milimita, nyuso zake zisiwe zimeungua. Ikiwa kavu, tufuate bomba toka tangi hadi kabureta zake mbili, ambamo taka hupenda kujificha. (Mwenye sigara asikaribie!) Likizimika juani, likawaka lipoapo, huenda petroli iligeuka mvuke bombani, lakini koili nayo huchoka kwa joto, basi plagi itazamwe kabla injini haijapoa.