Kabla ya Kulipa Ada ya Mafunzo ya Usaidizi wa Uuguzi



Tumeombwa tuzungumzie kazi ya msaidizi wa muuguzi katika nyumba za kutunzia wazee hapa Marekani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inataka mtu asome kwa saa zisizopungua 75, afaulu mtihani, na jina lake liingizwe katika daftari la jimbo. Masomo si marefu, na baadhi yenu mliuguza wagonjwa kambini kwa miaka. Kinachowakwamisha wengi ni uchunguzi wa rekodi za jinai, tena baada ya ada kulipwa.

Tuchukue mfano wa mama aliyezaliwa Uvira. Katika karatasi yake ya I-94 jina la baba limetangulia, na tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari kwa kuwa cheti hakikuwapo. Kadi yake ya Hifadhi ya Jamii imekosewa herufi moja. Shule inapokea fedha zake bila kuuliza. Katika wiki ya mwisho anapeleka alama za vidole. Majina hayalingani, na faili linasimama. Hana kosa lolote, lakini fedha zimekwenda.

Kwa hiyo, kabla ya kujiandikisha, wekeni nyaraka zote mezani mzisome herufi kwa herufi. Mkiona tofauti, iombeni ofisi iliyotoa waraka huo iusahihishe. Kisha iulizeni shule kwa maandishi: jimbo linadai nambari na nyaraka zipi? Nisipopita kwenye uchunguzi, nitarudishiwa kiasi gani? Shule inayolikwepa swali hili la pili, sisi tusingeipa hata senti.

Afadhali zaidi, tafuteni kwanza nyumba ya wazee itakayowaajiri. Katika nyumba zinazolipwa na Medicare au Medicaid, mtu aliyekwisha kuajiriwa au kuahidiwa kazi siku anapoanza mafunzo hatakiwi kutozwa ada. Aliyejilipia mwenyewe, kisha akaajiriwa na nyumba ya namna hiyo ndani ya miezi 12, jimbo linapaswa kumwekea utaratibu wa kurudishiwa gharama kadiri anavyoendelea na kazi. Ulizeni habari hii hata kama hakuna aliyewatajia.

Sasa vidole. Mikono iliyoshika jembe miaka mingi huenda ikawa imefutika mistari. Alama zikikataliwa mara mbili kwa kutosomeka, ofisi iliyoziomba inaweza kuitaka FBI itafute kwa jina. Kukataliwa huko si hatia. Wapo pia wanaohofu kwamba alama zao zitafika Kinshasa au Bujumbura. Uchunguzi huu hupekua kumbukumbu zilizopo Marekani. Si barua ya kuiuliza serikali mliyoikimbia.

Mwajiri akitumia kampuni ya uchunguzi, lazima kwanza apate idhini yenu ya maandishi. Kabla ya kuwanyima kazi kwa sababu ya ripoti hiyo, awape nakala yake. Isomeni. Majina yetu hufanana mno, na kosa la mtu mwingine laweza kuandikwa juu yenu. Lipingeni kwa maandishi. Kwa kawaida kampuni ina siku 30 za kulichunguza, bila malipo. Kesi iliyofutwa nayo yaweza kuonekana kana kwamba ingali wazi: nendeni mahakamani mkaombe hati yenye muhuri inayoonyesha ilivyokwisha. Fomu ikiuliza habari za kesi, msifiche. Na yeyote mwenye kesi sasa, asikiri kosa kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji.

Mwajiri hana ruhusa ya kung'ang'ania grinikadi. Katika fomu ya I-9 ninyi ndio mnaochagua hati za kuonyesha miongoni mwa zile zinazokubaliwa, na mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi tangu anapopokewa nchini.

Mtu akiwaambia kwamba kwa dola mia kadhaa atawasafishia rekodi, mwombeni risiti na anwani ya ofisi yake, mtuletee.

Tutakuwapo hapa hadi saa nane mchana. Aliyekuja na nyaraka zake azilete mezani, tuzisome pamoja.