Mlango wa Zamani: Kwa Nini Teknolojia Mpya ya Video Hupokelewa au Hukataliwa

Kila inapozinduliwa diski mpya, mjadala huanzia kwenye ujazo wake na ung'avu wa picha. Mada hii inashikilia kwamba vipimo hivyo viwili havitoshi kutabiri lolote. Chombo kipya cha video hushika majumbani pale kinapopita kwenye mlango uliokwisha kufunguliwa na chombo cha zamani: kikitumia runinga iliyopo, kikisoma diski ambazo familia imeshazilipia, na kikimwachia mwenye nyumba uwezo wa kurekodi au kunakili. Kikiukosa mlango huo hubaki dukani, hata kiwe bora namna gani.

Tuanze na deki za kanda. Sony ilileta Betamax mwaka 1975, JVC ikafuata na VHS mwaka 1976. Zote mbili ziliunganishwa kwenye tundu la antena la runinga ileile ya siku zote, na zote ziliweza kurekodi. Ila kanda ya kwanza ya Betamax ilichukua saa 1 tu, ilhali ya VHS ilichukua saa 2, muda wa kutosha filamu nzima. LaserDisc, iliyoingia soko la Marekani mwaka 1978, ilikuwa na picha safi kuliko zote mbili, lakini mnunuzi hakuweza kurekodi chochote kwenye sahani ile ya sentimita 30. Ikabaki ya wapenzi wachache wa sinema.

Mfano unaotugusa zaidi ni VCD, iliyotoka mwaka 1993. Picha yake haikuizidi VHS kwa lolote la maana, na filamu moja iligawanywa kwenye diski mbili. Ulaya na Marekani karibu hazikuitazama. Asia na Afrika Mashariki ziliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ilikuwa ni sidii ya kawaida tu: bei yake nafuu, haitafunwi na deki kama kanda, na yeyote mwenye kompyuta ya kuchomea diski aliweza kuizalisha. Filamu za Bongo na za Nollywood zilifika vijijini kwa njia hiyo. DVD ilipokuja, mwaka 1996 Japani na mwaka 1997 Marekani, ilikuwa na ujazo wa GB 4.7, lakini kilichoisaidia zaidi huku kwetu ni kwamba deki yake ilisoma VCD na sidii za muziki, hivyo hakuna aliyelazimika kutupa alichonacho. Baadaye deki hizohizo zikawekewa tundu la USB. Kabla watu hawajaamua kuziacha diski, deki yenyewe ilikuwa imeshaikaribisha flashi.

Atakayepinga ataitaja vita ya Blu-ray na HD DVD, diski mbili zilizogombea nafasi ya DVD. Deki za pande zote mbili zilisoma DVD za zamani. Mbona HD DVD ilianguka? Hoja hii ni nzito, na jibu lake ni kwamba mlango ukiwa wazi kwa wote wawili, mshindi huamuliwa na mengine. PlayStation 3 iliiingiza Blu-ray majumbani ndani ya mashine ya michezo, na Warner Bros. ilipotangaza Januari 2008 kwamba itaiunga mkono Blu-ray peke yake, Toshiba, iliyoiongoza HD DVD, ilisalimu amri mwezi uliofuata. Hata hivyo, kumshinda mpinzani si kupokelewa na watu. Ili kuiona tofauti ya diski ya Blu-ray ya GB 25 ilibidi kununua runinga mpya, na kwa familia nyingi za Afrika Mashariki gharama hiyo haikuwa na sababu.

Wengine watasema intaneti imeumaliza mjadala. Ni kweli kwamba Netflix ilituma DVD yake ya mwisho Septemba 2023, na simu iliyomo mfukoni ni mlango mpana kuliko yote. Lakini saa moja ya picha ya HD hula hadi GB 3 za bando, na filamu hiyohiyo ikitazamwa tena, bando huliwa upya. Ndiyo maana flashi na memori kadi bado zina kazi: hulipiwa mara moja.

Linalonipa wasiwasi ni mlango unaofungwa nyuma yetu. Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho wa deki za VHS, iliacha kuzitengeneza Julai 2016. Kanda za harusi, za taarabu na za mikutano ya hadhara zingali kwenye makabati, na deki za kuzisomea zinapungua kila mwaka. Zihamishwe sasa, kwenye diski ngumu mbili zinazotunzwa mahali tofauti. Vituo vya utangazaji na hifadhi za nyaraka vinaweza kutumia LTO, kanda za kuhifadhia data za kompyuta, lakini navyo visijidanganye kwamba kuhamisha ni kazi ya mara moja. Kanda ya kizazi cha LTO-9 ya mwaka 2021 hubeba TB 18, na mashine yake haisomi kanda za LTO-7 za mwaka 2015. Anayepanga bajeti ya kununua mashine aweke humohumo, tangu siku ya kwanza, fedha za kunakili upya.