Koala na Sauti ya Mkazi

Msikilizaji, mkaratusi kwetu ni mti wa nguzo na kuni. Kwao Australia ndio chakula na kitanda cha koala, mnyama anayelea mtoto mfukoni na kulala hadi saa 20 kwa siku. Majani mengine huyala kwa nadra tu, na hata kwenye mikaratusi huchagua.

Ndiyo maana ramani ya ofisini haitoshi kupanga hifadhi yake. Anayejua ni mti upi koala huupenda, na ni wapi hushuka usiku kuvuka barabara akagongwa na gari au kuumwa na mbwa, ni mkazi wa pale. Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia walioishi na misitu ya huko kwa maelfu ya miaka, wanajua zaidi. Kuwaomba maoni mpango ukishachorwa ni kuwaalika karamuni vyombo vikishaoshwa.

Mwaka 2020, baada ya moto mkubwa, kamati ya Bunge la New South Wales ilionya kwamba koala wa jimbo hilo wangetoweka kabla ya 2050 bila hatua za haraka. Septemba 2025 serikali ya jimbo ilisimamisha ukataji miti katika hekta 176,000, kwa ajili ya hifadhi ya koala ambayo watu waliipigania miaka mingi. Nimefurahi, nakiri. Ila wapo wafanyakazi wa viwanda vya mbao waliotegemea miti hiyo, nao wana watoto wa kulisha. Waulizwe na wao, tena mapema, kazi mpya wanaitaka ipi na wapi.