Mfungwa Anayejijeruhi na Wajibu Wetu



Mtu wa Makwale akifungwa Gereza la Ruanda, Mbeya, yu mbali na nyumbani. Tukisikia amejikata au amejigonga kichwa ukutani, twasema upesi: ni ukorofi. Hukumu hiyo si ya haki. Si kila anayejijeruhi ataka kufa. Wengine hutafuta nafuu ya uchungu usiosemeka. Lakini aliyejijeruhi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kujiua baadaye. Kwa hiyo kila jeraha lipimwe kwa makini.

Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zaagiza kila mfungwa aonwe na mganga mapema baada ya kuingia, na dalili za hatari hiyo zitafutwe. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Humpa nafasi ya kusema. Kidonda kitibiwe, na mwenye kidonda asikilizwe. Kumtenga peke yake kama adhabu huzidisha maradhi.

Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mwenye kuogopa shtaka atafichaje, na atatibiwaje akificha? Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha namna hiyo Januari 2025. Nasi tulitafakari jambo hili.

Basi, kila jumuiya ijue wafungwa wake na kuwatembelea. Anayeona dalili amwarifu mganga wa gereza siku ileile. Na anayerudi na makovu apokewe bila minong'ono.